Mkono Uliotulia

Kinyozi mmoja walimwita Hariri, maana wembe wake ulipita shingoni mtu akasinzia. Jina hakujipa. Alipewa na wateja, na wateja wa kinyozi si watu wa kusifu ovyo.

Figo zake zilipokufa zote mbili, mdogo wake wa kike, mshona sare za shule, alijitolea kumpa moja. Hakungoja kubembelezwa.

"Mimi ninazo mbili, wewe huna hata moja. Tunabishana nini?"

Upasuaji ukaenda vizuri. Daktari akawaonya: mwili hukiona kiungo cha mtu mwingine kuwa mvamizi, na usipotulizwa kwa vidonge, asubuhi na jioni, maisha yote, utakiua. Tena vidonge hivyo hupunguza kinga, kwa hiyo akae mbali na wenye vikohozi.

Vikohozi aliviweza kwa barakoa. Kilichomshinda ni vidole, kwani dawa ilivitetemesha. Mteja wa kwanza kuona wembe unacheza karibu na koo lake aliinuka na povu usoni, akadai amekumbuka mgonjwa wa kumtazama. Wengine hawakujisumbua hata kutunga uongo, wakahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

Angemwambia daktari, huenda dozi ingebadilishwa. Lakini aliona haya, na haya ni kitu kibaya sana kwa mgonjwa. Akaanza kuruka kidonge cha asubuhi. Siku za kazi tu, alijidanganya. Kliniki ilipokaribia alimeza vyote, vipimo vikatoka safi.

Mikono ikatulia. Wateja wakarudi mmoja mmoja, wakijifanya walikuwa safarini. Siku moja mdogo wake alipita, akamkuta anakwangua kidevu cha mzee mmoja bila wasiwasi.

"Kaka, mkono umerudi! Nilijua tu, figo yangu haiwezi kuniaibisha."

Hariri alicheka kidogo, akarudi kwenye kidevu cha mzee ili asimtazame machoni.

Halafu miguu ikavimba hata viatu vikamkataa. Hospitalini daktari alisoma majibu ya damu, akauliza swali moja: dawa unameza? Walijaribu kuiokoa figo kwa dawa za mshipa, lakini walikuwa wamechelewa, mwili ulishaikataa.

Mdogo wake alimkuta amelazwa kando ya mashine ya kusafisha damu. Hariri alimweleza yote mwenyewe, hakuficha kitu. Dada mtu aliketi, mkono ubavuni, pale alipopasuliwa.

"Kwa hiyo figo yangu umewanyolea watu ndevu."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sijui kama naweza. Nina hasira na wewe, kaka, hujui tu." Aliitazama mirija iliyojaa damu. "Na kinachoniuma zaidi, ningekuwa na ya ziada, ningekupa leo hii."

Hariri akalia kwa sauti, mbele ya wagonjwa wote.