Shoka la Sekela

Mvua ya Tukuyu haina adabu. Jumapili ile ilianza kabla watu hawajatoka kanisani, na Tupokigwe alifika dukani kwa Nahla, pale Ibighi, gauni limemganda miguuni. Hakuja kununua vitenge. Alikuja kumrithi dada yake.

Dada yake, Ikupa, alikuwa fundi cherehani katika duka hilo. Kila Jumapili baada ya ibada, yeye na wenzake walifunga mlango wakacheza mchezo wao wa hadithi. Nahla, mwenye duka, ndiye aliyesimulia: misitu, magofu, majoka. Wengine kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi, aliyeandikwa sifa zake kwenye karatasi, na dadu ndiyo iliyoamua kama pigo limempata adui au limekwenda na upepo. Mtu wa Ikupa aliitwa Sekela, mpiganaji. Watu wazima kabisa hao, wenye watoto na mashamba, na anayetaka kuwacheka awacheke. Hajawaona walivyokuwa wakitoka humo ndani nyuso zimewakunjuka.

Kisha Ikupa akaugua, akafa. Kiti chake kilibaki kitupu mpaka Ackson, mkulima wa chai kutoka Suma, akashindwa kuvumilia.

"Kwetu nafasi ya marehemu haiachwi wazi," alisema. "Matanga yakiisha, anakalishwa mrithi. Huyu Sekela naye ana ndugu."

Nahla na kaka yake Farhan wana asili ya pwani, lakini wamezaliwa hapa hapa na wamekaa misiba ya hapa. Wakakubali.

Basi Tupokigwe akakalishwa. Tabu ni kwamba Ikupa alikuwa amemwacha Sekela pabaya, mbele ya joka la ziwani, na joka hilo limembana mtu wa Farhan chini ya kucha zake. Tena Sekela alikuwa amepanda daraja la uwezo, lile ambalo mpiganaji akilifikia huchagua njia yake, na akishachagua hakuna kubadili.

"Njia ya Ngao," Nahla akaeleza, "unakuwa mgumu kuuawa. Njia ya Mbinu, unamtega adui, unamwangusha. Njia ya Shoka, ngao unaitupa. Unapiga mara mbili wenzako wanapopiga mara moja, na hakuna mezani anayeumiza kama wewe. Ukitaka, unaongeza pigo la tatu kwa damu yako mwenyewe. Lakini nawe ukipigwa, umepigwa kweli."

"Dada alitaka ipi?"

Hapo kila mtu akawa na Ikupa wake. Farhan aliapa kwamba ni Mbinu. Ackson, ambaye mtu wake ndiye tabibu wa kikosi, akasema Ngao, maana alikuwa amechoka kumshona Sekela majeraha.

Tupokigwe alijiona mjinga kuogopa kwa ajili ya mchezo. Lakini Sekela akifa leo, Ikupa atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwake. Mrithi kazi yake ni kutunza, ndivyo alivyoelewa. Cherehani ya Ikupa, ambayo ukoo ulimkabidhi yeye Tupokigwe, ilikuwa kwenye kona ya duka lile lile, imefunikwa kitenge, na tangu msiba haijashona hata pindo.

"Ngao," akasema.

Nahla alishika penseli, kisha akaiweka chini.

"Ni haki yako, mdogo wangu. Ila kwa Ngao joka halifi. Mtakimbia, Sekela atapona, Farhan atabaki. Niambie tu, unamrithi dada yako, au unamfunika kitenge?"

Maneno yale yalimchoma. Alimkasirikia Nahla, halafu akatazama kule konani, akajikasirikia mwenyewe zaidi. Ikupa hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake nyuma, hata sokoni.

"Shoka."

"Ee juba, mama wee!" Ackson akashika kichwa.

Dadu ikabingirika. Pigo la kwanza likapata, la pili likakosa. Joka likageuka, na Sekela asiye na ngao akapasuliwa bega.

"Umebakiwa na uhai kidogo sana," Nahla akasema. "Nafasi ya kurudi nyuma ipo."

"Nipe dadu, dada Nahla."

Safari hii yote mawili yakapata. Farhan alisimama bila kujijua. Nahla akahesabu, akatikisa kichwa taratibu.

"Bado lina pumzi."

"Naongeza la tatu."

"Damu uliyonayo haitoshi, Tupokigwe."

"Najua. Naongeza."

Joka likafa, na Sekela akafa juu yake. Farhan, aliyeokolewa, hakuweza kumtazama mtu usoni. Tupokigwe akalia. Kwenye msiba hakupata nafasi ya kulia, alikuwa kwenye masufuria akiwapikia waombolezaji. Sasa alilia kwa sauti, bila haya, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipomaliza akainuka, akaenda konani, akakivuta kile kitenge kutoka juu ya cherehani, akajifuta nacho uso. Kisha akarudi kukaa kwenye kiti cha dada yake.

"Nipe karatasi nyingine."

"Ya Sekela?" Nahla akauliza.

"Sekela tumemzika. Yangu."