Usukani wa Taksi Iliyokufa

Baba mdogo alisema kichwa cha ng'ombe hakikai kwenye shingo ya kuku. Alisema hivyo mbele ya wageni, nyumbani kwake hapa Shari, mtaa wa Bunia, siku nilipomweleza kwamba nitafunga usukani wa gari la kweli kwenye mashine ya mchezo. Mama mmoja muuza vitenge, aliyehamia hapa kutoka Butembo, akaongeza kwamba hajaona mtu mzima anayerudi kutoka Kampala na diploma ili aje kucheza. Watu wakacheka. Wote wawili walikuwa wamenikopesha, kwa hiyo ilinipasa nicheke nao. Sikucheka.

Hasira ile haijaisha, na siombi radhi. Diploma yangu ya elektroniki sikupewa na ukoo. Nililala dukani kwa watu, mchana nikitengeneza redio, jioni nikisoma. Niliporudi Bunia sikwenda kupanga foleni ya kazi ofisini na shati lililopigwa pasi. Nilifungua nyumba ya michezo ya video: televisheni, paneli za jua, na usukani wa plastiki wenye pedali zake kwa mbio za magari. Hakuna mwingine mjini aliyekuwa nao.

Wateja wangu wengi walikuwa madereva wa pikipiki. Mtu anayeshindana na mashimo ya barabara ya Marabo hashiki kitu kwa vidole viwili. Mmoja wao alikata kona kwa mwili mzima, na duara la plastiki likavunjikia mikononi mwake. Mashine yenyewe, ile yenye injini ndogo inayoshika duara, ilikuwa nzima, lakini duara kama lile haliuzwi Bunia. Habari ikawafikia wakopeshaji kabla sijafunga mlango. Wakaniambia kwamba shule zikifunguliwa kabla sijawalipa, watabeba televisheni na paneli, nami nitafute pikipiki ya kuendesha.

Rafiki yangu mmoja alikuwa na taksi iliyokufa uani kwake. Nilimwomba usukani wake.

"Kamata," alisema, "lakini iko mukopo. Motokari ikilamuka, nitaitaka."

Huyo peke yake hakunitukana.

Ili kuunganisha usukani na mashine ilihitajika sahani ya chuma yenye matundu pande zote mbili. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea mchoro na vipimo vyote, hata unene. Aliutazama unene ule kwa dharau. Kwetu kitu chepesi si kazi. Mlango mzuri ni ule unaobebwa na wanaume wawili. Akatupa vipimo vyangu, akakata chuma cha chasi ya lori. "Nilikuwekea ya kudumu," akasema, akitabasamu, na mimi nikatamani kumpiga nacho.

Nilikifunga hivyo hivyo, kwa sababu siku zilikuwa zinakimbia. Mashine ile ikiwashwa hujizungusha yenyewe kushoto na kulia kutafuta katikati yake. Siku hiyo nyumba ilijaa. Usukani ukanguruma, ukasogea kidogo, ukakwama, na harufu ya waya uliochemka ikatupata puani.

"Papa Diplome," dereva mmoja akauliza kwa upole, akiugusa usukani, "volant yako iko na malaria?"

Niliwatoa wote nje.

Kuna watu ambao hasira huwalaza kitandani. Mimi hunifungua kichwa. Injini ya ndani haikuungua, ila ni ndogo, adui wake ni uzito; basi nitautoa uzito. Nilichomoa honi na kila kipande cha chuma ambacho mchezo hauhitaji. Kisha nikachonga mfano wa sahani kwa ubao, mwembamba, wenye ukingo wa kuuimarisha, nikaupeleka kwa wayeyushaji wa alumini wanaomimina sufuria kwenye mchanga nyuma ya soko. Wakauliza hii ni sufuria gani isiyo na tumbo. Nikawaambia wamimine. Matundu nilitoboa mwenyewe. Sikuruhusu mkono wa mtu mwingine.

Nikawasha. Usukani ukaenda kushoto mpaka mwisho, ukaenda kulia mpaka mwisho, ukarudi katikati na kutulia. Nilitafuta mtu wa kumtukana, nikajikuta peke yangu.

Baada ya hapo foleni ilifika barabarani. Madereva wa taksi wenyewe walikuja, hata wanaojifunza gari. Baba mdogo naye akaanza kuleta wageni na kuwaonyesha kazi ya ukoo wetu.

Jumapili moja kabla ya shule kufunguliwa, niliwalipa wote. Taksi ya rafiki yangu ilikuwa bado haijafufuka. Nilimpelekea usukani mwingine, mzuri kuliko ule, na nikamsalimu kwa mikono miwili. Mama wa vitenge alipokea akasema alikuwa ananiombea. Nikamjibu kwamba alikuwa anaziombea paneli.

Kwa baba mdogo niliziweka pesa mezani nikiwa nimesimama.

"Siye tulijuaka tu utaweza, mutoto yangu," akasema, akamwagiza mkewe alete soda.

Kwetu mtu akilipa deni halafu akatoka na koo kavu, amekata undugu. Aliijua desturi hiyo, nami niliijua. Nikainywa soda yote palepale nilipokuwa nimesimama, nikampa mama mdogo chupa tupu na kwenda kufungua mlango wangu.