Miaka Sita Bila Kutukanwa

Enzi zetu pale Mlingotini, mtoto akijificha kwenye kombolela alitafutwa mpaka apatikane. Isipokuwa mimi. Wazazi wangu walitoka Burundi na cherehani moja na bibi mmoja, na wenzangu walikuwa wameonywa makwao: "Msiwasumbue wageni." Nilikuwa najibanza nyuma ya vichanja vya dagaa hadi adhana ya magharibi, nikinuka kuanzia utosini. Wakiniona kwa bahati mbaya husema, "Samahani, dada," wakapita.

Jirani yetu Bi Mwanahawa, Mkwere aliyekuwa akikaanga samaki barazani, alimtukana kila mtu: mumewe, paka, hata wateja. Mama akifika, sauti inalainika: "Hujambo dada? Poleni na ugeni." Miaka sita, poleni na ugeni! Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulinunua wenyewe, tukaliegemeza nje lionekane. Jirani mmoja akalifuta udongo, akaturudishia ndani. Mama alikuwa akisema, "Asiyetukanwa hana kwao," na hakuwa anatania.

Kisha bibi akafa. Kijiji kizima kikaja, tena kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyotuumiza. Pale Wakwere na Wanyamwezi ni watani: mmoja akifiwa, mwenzake huja kumsema marehemu na kuficha chakula cha msiba, na ni mwiko kukasirika. Sisi hatukuwa na mtani. Watu waliinamisha vichwa kama wanaosubiri zamu zahanati. Baba akavunjika moyo, akamwambia mama, "Wanamzika kama abiria."

Bi Mwanahawa akasikia. Akainuka. "Shemeji, mlipokuja mlipita wapi?"

"Kigoma, halafu Tabora."

"Tabora mlilala?"

"Siku mbili. Lori liliharibika."

"Basi! Aliyelala Tabora siku mbili ni Mnyamwezi!"

Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kukubali. Bi Mwanahawa akanyakua sufuria la wali, akalikalia, akaruka kwa sababu lilikuwa limetoka jikoni sasa hivi, akalikalia tena. "Hali mtu! Kibibi hiki kilikuwa kichoyo! Jioni kilianua kivuli chake, jirani asije akakikalia!"

Baba alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Mimi sijawahi kuwa na furaha kama ile, Mungu anisamehe, msibani. Baada ya matanga nilipatikana wa kwanza kwenye kombolela. "Toka, Mnyamwezi wewe!" Wakanitafutisha kutwa nzima.

Watoto wa siku hizi wanaishi nyuma ya geti. Jirani mpya wanamjua kwa nywila ya intaneti yake. Mtani naye hutuma picha ya mshumaa kwenye kundi la simu, kazi imekwisha.

Mwaka jana Bi Mwanahawa alifariki. Nilitoka Chalinze, ninakoshona sare za shule, nikajilaza mlangoni pake jeneza lisitoke. "Mkwere mvivu huyu! Hata kaburini anataka kubebwa!" Mjukuu mmoja akatoa simu anirekodi. Mwingine akaniuliza kwa upole kama nina mtu wa kunipeleka hospitali.

Nilimtukana vizuri, machozi yakinitoka. Halafu nikasubiri jibu. Aliyejua kunijibu ndiye waliyekuwa wamembeba.