Mpira wa Mama Hodan

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Garissa, tena yule asiyeambiwa kitu. Hodan alipoandika kwamba mpira uliovutwa hufupika ukipata moto, nilimpa sifuri na kumwita mjinga mbele ya wenzake. Joto hutanua vitu, basi.

Jana mamake, muuza maji wa mkokoteni wa punda, alifika shuleni kunionyesha kwamba bintiye hakukosea. Nikaliita darasa zima lije licheke. Akaning'iniza mtungi wa maji kwenye boriti kwa kipande cha tyubu, ule mpira wa ndani ya gurudumu, ikavutika mpaka mtungi ukagusa sakafu.

"Mwalimu, wewe shika kitabu yako, mimi nashika birika," akasema, akaimwagia tyubu maji moto.

Mtungi ukainuka sakafuni. Darasa zima likanigeukia. Hodan peke yake hakuona; tangu nilipomwita mjinga, hajarudi shuleni.