Mahindi, Maharagwe na Vumbi la Ziwa

Shule niliachia darasa la sita. Mimi na hesabu tulikosana, na mmoja wetu ilibidi atoke. Hata hivyo, miaka ya sitini ikikaribia kuisha, nilipata kazi kwenye kituo cha kupima hali ya hewa hapa Nakuru. Nilikuwa nafyeka nyasi, na nikiona ile soksi kubwa ya kuonyesha upepo imejinyonga kwenye mlingoti, naifungua. Nyumbani nilijiita mtaalamu.

Kiangazi, ziwa lilikuwa linarudi nyuma na kuacha magadi meupe. Upepo wa mchana ukiyapata, yanapanda mjini kama unga. Wengine tulikohoa kidogo tukaendelea na mambo yetu. Mke wangu alikuwa na pumu.

Asubuhi moja nilimwambia, "Leo hakuna vumbi, enda sokoni." Saa nane likaja. Nilimkuta ameketi kando ya barabara, mama wa mboga anamsugua mgongo, naye anavuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani. Nilimbeba mpaka nyumbani. Mimi si mtu wa kulia, lakini hiyo siku nilisingizia magadi.

Basi nikatengeneza dawa yangu. Mkubwa wa kituo alikuwa ametuambia kwamba ng'ambo kuna mashine inaitwa kompyuta, inapiga hesabu ya upepo wa kesho. Nikamwambia mke wangu, "Hapa Nakuru kompyuta ni mimi." Na kila asubuhi kompyuta ilisema neno moja: "Vumbi. Funga dirisha, usitoke."

Miezi miwili sikukosea hata mara moja! Kila siku vumbi lilipokuja, mimi nilikuwa nimeshasema. Nilianza kutembea kama mkubwa wa kituo.

Jumapili moja mke wangu akaweka sinia mezani, akachukua mkebe wa majani chai na kuumwaga. Zikatoka punje za mahindi, nyingi, na maharagwe machache. Mwishoni likaanguka jiwe dogo.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Ni kazi yako, kompyuta. Haragwe ni siku umesema vumbi na ikakuja. Mahindi ni siku umesema vumbi, nimefungiwa kama kuku, na nje jua linawaka vizuri tu."

Nikatazama. Mahindi yalikuwa yameficha sinia.

"Hata kwa githeri ya shule mahindi hayakushinda maharagwe hivi," akasema.

"Lakini sikukosea..."

"Ukisema kila siku mtu atakufa, mzee, kuna siku utapatia."

Sikuuliza jiwe ni nini. Nililijua: ni ile siku ya sokoni. Nikasema pole pole, "Nikianza kukwambia toka, jiwe lingine linaweza kuingia."

"Najua."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo kifua ni changu. Jiwe likija, tutabeba wote. Lakini kama ni kufungiwa, heri nirudi kwa mama, kule Kuresoi. Huko angalau nitafungiwa nikila viazi."

Alicheka, lakini nguo zake zilikuwa zimeshakunjwa juu ya kitanda. Niliziona.

Tukapatana upya. Nikifika kituoni, natazama ziwa: kama kando ni nyeupe na soksi imeelekea mjini, natuma neno, anafunga. Kama ni moja tu kati ya hayo mawili, uamuzi ni wake, kwa sababu koo lake lilikuwa linawasha kabla hata soksi haijasikia habari. Na mkebe uendelee, na jiwe libaki ndani.

Jumatatu kando ya ziwa ilikuwa nyeupe, lakini soksi ilikuwa imelala. Sikutuma neno. Nilifyeka nyasi mahali pamoja mpaka udongo ukaonekana. Saa sita sikuweza tena, nikakimbia nyumbani.

Nilimkuta nje, anaanika shuka, mdomoni ameshika vibanio viwili. Akanitazama ninavyotweta.

"Kompyuta imekuja kufanya nini?"

"Nimesahau kofia."

"Iko kichwani."

Nikaishika. Kweli. Akanipa upande mmoja wa shuka nimsaidie kuikamua, na nguo zake, nikaona, zilikuwa kwenye kamba, zote, zinakauka.