Mravumba Haukunjiwi Uso

Nilipokuwa mtoto hakuna kitu nilichokichukia kama mravumba, na mpaka leo sijausamehe. Ni kichaka chenye majani ya manyoya, yanayonata vidoleni na kunuka kama kafuri iliyolaliwa na beberu. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kule Nyakisasa, wenzetu walibeba mikeka na kuku. Bibi yangu alibeba shina la mravumba, akalipanda nyuma ya nyumba hata kabla jiko halijapata mafiga. Ukikohoa, mravumba. Ukiwa na minyoo, mravumba. Hata chungu cha maharage alikitupia majani mawili, eti tumbo lisijae gesi, na hamu yangu ya kula ikaishia hapo.

Wakati wa vita baba alikuwa amekwenda kupigana, na zahanati haikuwa na hata kidonge. Mdogo wangu Spesioza, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni, akashikwa na homa. Mama alimpa uji, akautema. Alimpa maji, akayatema. Kufikia jioni hakuwa tena na nguvu ya kulia.

Bibi akatwanga mravumba, akaukamulia kwenye kibuyu. Kwetu mgonjwa hakunywa dawa ile peke yake. Nyumba nzima ilitangulia, yeye akamalizia.

"Na mtu asikunje uso," bibi alisema. "Ugonjwa unatazama. Ukiona tumechukizwa, utajua tumeshindwa, utabaki na mtoto."

"Bibi, mimi siumwi."

"Nimekuuliza?"

Alikunywa yeye, uso mkavu. Mama naye akanywa. Zamu yangu ikafika. Maji yale ya kijani yalikuwa na povu na nyuzinyuzi, yakanitelezea kooni mithili ya konokono. Tumbo likayakataa. Yakarudi mpaka mdomoni, ya moto sasa, yamechanganyika na maharage ya mchana. Nilimwona Spesioza begani kwa mama, midomo imempasuka, nikajua nikitema atakufa. Nikayameza tena, matapishi na yote, na uso sikuukunja. Nimeuguza watu wengi tangu hapo, nimefua mengi yasiyosemeka, lakini kinyaa kama kile sijakionja tena.

Spesioza alikuwa ananikodolea macho. Akanyoosha mkono, akakishika kibuyu, akanywa. Alikunja uso wote mpaka masikio, akalia, lakini hakutema. Bibi hakumkemea. Kulipokucha Spesioza aliomba uji, na mama akakaa chini kwenye majivu akicheka.

Miaka mingi niliamini kwamba niliudanganya ugonjwa. Halafu nikapata watoto wangu, na siku moja nikajikuta na kijiko cha dawa mkononi, mtoto amefumba mdomo, anautazama uso wangu. Ndipo nilipomwelewa bibi. Ugonjwa hauna macho. Aliyekuwa anatazama ni Spesioza, na asingekunywa kitu alichoona dada yake amekitema.