Salamu Niliyomfundisha Bibi wa Ukoko

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na sita, askari mstaafu, nipo hapa Kahama na mashine yangu ya kukoboa mpunga. Binti yangu wa mwisho anaolewa Jumamosi hii na kijana wa Nyarugusu. Nilitakiwa niwe nacheka na wageni. Badala yake silali, sili chakula kikashuka, na mke wangu anadhani sijampenda mkwe. Mkwe hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Miaka ya tisini, nikiwa kijana, tulipelekwa ng'ambo, nchi moja ya Afrika Magharibi, kulinda amani. Mimi nikapangiwa lindo la usiku. Watu wanadhani kule ni risasi tu kutwa. Kwangu ilikuwa kulala mchana ndani ya hema lenye joto la tanuri, kuamka alasiri kichwa kizito, kusafisha silaha, kunywa chai ya rangi, kupewa neno la siri la usiku huo, kisha kukaa nyuma ya mifuko ya mchanga mpaka kuche. Mvua ya kule haikuwa na adabu. Nilikuwa natafuna punje za mchele mbichi usingizi usinichukue, huku nawaza ng'ombe wa baba.

Upande wa pili wa barabara aliishi bibi mmoja na wajukuu zake. Tulikatazwa kugawa chakula, lakini wale watoto ukiwatazama mbavu unashindwa kumeza. Nikawa namfichia bibi ukoko wa wali, anaufuata kwenye uzio usiku ukikolea. Sasa gizani sura huioni, na amri ni kwamba anayekuja bila neno la siri unamsimamisha, akikaidi unapiga. Neno la jeshi singeweza kumpa raia. Nikaona nimfundishe salamu yetu ya jioni ya Kisukuma. Akifika anasema "Mwadila," na mimi namjibu "Mhola," yaani salama, namkabidhi ukoko wake. Yeye hakujua Kisukuma wala Kiswahili. Alijua tu kwamba akilitaja lile neno mwenye bunduki hamdhuru. Ulimi wake ulikuwa unatoa "Madira," halafu anacheka mwenyewe. Nami nilijiona mjanja kweli.

Siku moja kambi ikapata ng'ombe. Wakaambiwa wanaojua kuchuna wajitokeze. Msukuma ataacha kunyoosha mkono? Zamu yangu ilikuwa inakaribia, nikamfuata rafiki yangu, nimwite Hamisi, mtu wa Tanga. Akanicheka, "Msukuma wewe, ukiona ng'ombe unasahau hata bunduki. Nenda, nitakushikia lindo."

Nikaenda. Habari za bibi sikumwambia, kwa sababu nilikuwa navunja amri na niliogopa atanisemea kwa wakubwa. Hapana, ngoja niseme ukweli wote, maana ndio ulionileta hapa. Bibi hata sikumkumbuka. Nilichuna, nikachoma maini, nikala, nikashiba, nikalala.

Mlio wa bunduki ndio ulioniamsha. Nilipofika lindoni Hamisi alikuwa bado ameelekeza bunduki gizani, na bibi yupo chini na bakuli lake. Wakubwa wakachunguza, wakasema kijana alifuata amri, alimsimamisha na hakusimama. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Nami sikufungua mdomo.

Hamisi hakuwa Hamisi tena. Tuliporudi nyumbani akaacha jeshi. Hajaoa mpaka leo na hulala taa ikiwaka. Akinipigia simu, tukishamaliza habari za afya na watoto, anarudi palepale. "Kaka, nilimwambia simama, akacheka. Akawa anakuja tu huku anasema madira, madira. Alikuwa ananiambia nini yule mama?" Nami miaka yote hii namjibu, "Labda ni lugha yao, ndugu yangu. Achana nayo." Aliwahi kumpata baharia wa nchi ile pale Tanga akamuuliza. Baharia akasema kwao neno hilo halipo. Tangu hapo Hamisi anaamini ilikuwa laana, na kwamba ndiyo iliyomnyima mke na watoto.

Sasa anakuja harusini. Nilimwalika kwa mdomo tu, nikijua Tanga ni mbali na yeye si mtu wa safari. Kumbe amefurahi. Basi lake linaingia Ijumaa jioni, na jioni hapa kwetu kila mama mtu mzima salamu yake ni hiyo hiyo, mwadila.

Na nyumbani yupo mama yangu mzazi, mzee sana, anayekaa mlangoni kusalimia kila anayeingia. Mama anajua mgeni wa Tanga ndiye aliyenishikia lindo nikale nyama, kwa sababu kisa hicho nilimsimulia zamani mpaka kwenye nyama, nikaishia hapo. Amesema atamshika mikono yote miwili amshukuru. Jana nimemwomba, "Mama, mgeni huyu mwambie karibu tu, inatosha." Akajaribu. "Kalibu," akasema, akacheka. "Haya mwanangu. Kalibu, halafu mwadila. Mgeni haachwi bila salamu." Halafu akaniuliza mbona natoa machozi.

Nikimpigia Hamisi leo nikamwambia haikuwa laana, ilikuwa salamu, nitakuwa nimemtua mzigo mmoja na kumtwisha mwingine: kwamba yule bibi alimwamini, na kwamba mimi nilijua na nikamwacha ateseke maisha yake yote. Nikinyamaza, atalisikia kwa mama yangu, mlangoni kwangu, mbele ya wageni.

Ndugu zangu, nitukaneni mkimaliza mnishauri, nifanye nini? Nimekaa na simu mkononi tangu asubuhi. Hamisi ametuma ujumbe kwamba tiketi ameshakata, na anaomba nimwandikie salamu ya Kisukuma ajifunze njiani, amsalimie mama.